Jinsi ya kuomba uongezewe limiti AWS kabla msimu haujafika

Ugonile kwa wa Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Hii naandika kwa vijana wa huku nyanda za juu mliojenga mifumo yenu wenyewe, iwe ya AMCOS ya kahawa Mbozi, ya wakusanyaji wa parachichi Rungwe, ya shule au ya saccos, mkaiweka kwenye klaudi ya Amazon yaani AWS, afu mwaka mzima mfumo unatembea fresh ila siku wakulima wamejaa kwenye mizani ndo unajaribu kuwasha seva ya ziada inagoma. Ukisoma eror unakuta VcpuLimitExceeded. Hapo hujaharibu kitu wala hujadukuliwa, umegota kwenye limiti ya akaunti yako, na hiyo limiti inaombwa iongezwe na kuomba ni bure, ila inaombwa mapema, sio mzigo ukiwa tayari juu ya mizani na watu wamepanga foleni.

Kwanza uelewe inahesabiwaje mana hapa ndo wengi wanachanganyikiwa. Seva za kawaida, zile za familia ya t, m, c, r na wenzake, hazihesabiwi kwa idadi ya seva, zinahesabiwa kwa vCPU (kipimo cha nguvu ya prosesa ambayo seva inapewa) kwa ujumla wake, na kima cha kuanzia kwa akaunti mpya ni vCPU 5. Sasa t3.medium ina vCPU 2, hata t3.micro ambayo watu wanaiona kidogo kabisa nayo ina 2. Ukiwasha mbili umetumia 4, ukitaka ya tatu inatakiwa 6, inakataa, na wewe unabaki unashangaa mbona nina seva mbili tu. Seva uliyoizima haihesabiwi kwenye hii limiti (diski yake lakini inaendelea kulipiwa, usijisahau), kwahiyo kabla ya kulalamika zima zile za majaribio ambazo mtu aliwasha akaziacha. Seva za GPU (zile zenye chipu za kazi nzito kama picha na AI) zina limiti yao ya pembeni na kwenye akaunti mpya inaanzia 0, za spoti (spot, zile za bei ya chini ambazo Amazon wanaweza kukunyang'anya muda wowote) nazo zina ya kwao, huwezi ukaombewa moja ukatumia kwenye nyingine.

Jambo la pili, na hili naomba ulishike sana, kila rijini ina limiti yake. Rijini ni lile eneo ambalo seva zako zinakaa. Sisi huku iliyo karibu ni Cape Town, af-south-1, ilifunguliwa 2020, na haiji ikiwa imewashwa, lazima uingie kwenye mipangilio ya akaunti uiwashe kwanza ndo uweze kuitumia. Ukiomba uongezewe Ireland na seva zako ziko Cape Town, utapitishiwa vizuri kabisa na hakuna kitakachobadilika kwako. Kabla ya kubonyeza chochote angalia juu kulia kwenye konsoli (ule ukurasa wa AWS unaoendeshea akaunti yako) imeandikwa rijini gani.

Afu hakikisha tatizo lako kweli ni limiti. Kuna eror nyingine inaitwa InsufficientInstanceCapacity, hiyo maana yake Amazon wenyewe wameishiwa aina hiyo ya seva kwenye zoni uliyochagua (zoni ni sehemu ndogo ndani ya rijini), hata uongezewe limiti mara kumi haisaidii, hapo unabadilisha zoni au aina ya seva au unasubiri kidogo ujaribu tena. Na kama mfumo ni mzito tu lakini hakuna eror ya limiti, angalia databezi kwanza, mara nyingi ni kwei moja (query, swali ambalo mfumo unaiuliza databezi) inasoma jedwali zima la wakulima kila karani akifungua ukurasa. Kuongeza seva juu ya kwei mbovu ni kuongeza bili tu.

Sasa kuomba kwenyewe. Ingia kwenye konsoli, kwenye kisanduku cha kutafutia juu andika Service Quotas, fungua. Kushoto chagua AWS services, tafuta Amazon Elastic Compute Cloud (EC2), ndani yake tafuta neno Standard utaona Running On-Demand Standard, jina lake refu lina herufi za familia za seva. Pale utaona limiti uliyonayo sasa hivi na kwa zile zinazopimwa utaona na umetumia kiasi gani. Angalia pia kama inaruhusu kubadilishwa, mana kuna nyingine hazipandi hata uombe vipi, imeandikwa palepale. Ukiichagua bonyeza kitufe cha kuomba kuongezewa kwa akaunti nzima, weka namba mpya, tuma. Namba unayoweka ni jumla unayotaka kuwa nayo, sio nyongeza, kwahiyo kama una 5 na unataka 16 andika 16, usiandike 11.

Kama hicho kitufe hakibonyezeki, au kinabonyezeka inakuja eror ya ruhusa, basi akaunti ni ya ofisi na wewe huna ruhusa, mwombe mwenye akaunti akupe ruhusa (policy) inayoitwa ServiceQuotasFullAccess au aombe yeye. Wale wanaopenda kufanya kwa komandi, ni hii moja tu:

aws service-quotas request-service-quota-increase --service-code ec2 --quota-code L-1216C47A --desired-value 16 --region af-south-1

Namba ya kuomba usiikisie. Hesabu hivi: siku za kawaida una t3.medium mbili nyuma ya lodi balansa (kile kinachogawa watumiaji kwenye seva zako), msimu ukichanganya unataka ziwe nne, na ukiweka toleo jipya la programu mfumo unawasha nne mpya kwanza kabla ya kuzima nne za zamani, kwahiyo kuna dakika kadhaa una seva nane zinawaka kwa pamoja. Nane mara vCPU 2 ni 16. Hiyo dakika ya kubadilisha toleo ndo watu wanaisahau, wanaomba 8, wanapitishiwa, afu siku ya kwanza ya kuweka marekebisho inagoma palepale. Ila usiruke ukaomba 500 kwasababu ni bure. Akaunti changa isiyo na historia ya malipo ikiomba namba kubwa isiyo na maelezo inarudishiwa maswali au inakataliwa, na unapoteza siku ambazo ulikuwa unazihitaji.

Ukishatuma nenda kwenye historia ya maombi kushoto, utaona hali yake. Nyingine zinapita zenyewe haraka, nyingine zinafunguliwa tiketi kwa watu wa sapoti na zinaweza kula siku kadhaa. Huhitaji kulipia mpango wa sapoti kwa hili, ule wa bure unatosha kwa mambo ya limiti na bili. Tiketi ikifunguliwa usikae kusubiri tu, ingia Support Center uijibu wewe mwenyewe kabla hawajauliza, kwa Kiingereza chepesi. Jibu zuri lina vitu hivi: mfumo unafanya nini (unapokea uzito wa kahawa kutoka kwa wakulima na kutoa risiti), watumiaji wako wapi, sasa hivi una seva ngapi za aina gani, unataka zifike ngapi na kwanini, ile hesabu ya 16 uiandike yote, rijini ni ipi, na unahitaji kuanzia lini. Sentensi sita zinatosha. Anayesoma hajui Mbozi wala msimu wa kahawa, anataka kuona kwamba namba imetoka kwenye hesabu na kwamba upo mtu kweli nyuma ya akaunti. Hakikisha na bili za nyuma zimelipwa na kadi uliyoweka inafanya kazi, mana akaunti yenye deni kuiombea nyongeza ni kazi ngumu.

Ukikataliwa sio mwisho. Jibu kwenye tiketi ileile, punguza namba, omba hata 10 kwanza uitumie, ulipe bili mwezi, afu uombe tena. Usitume maombi mawili ya limiti moja kwa wakati mmoja, la pili halipokelewi wakati la kwanza liko wazi.

Kwa wale mnaotuma risiti kwa imeili kupitia SES (huduma ya AWS ya kutuma imeili), hiyo ni njia tofauti kidogo. Akaunti mpya iko kwenye sandiboksi (hali ya majaribio), unatuma imeili 200 kwa masaa 24, moja kwa sekunde, na kwa anwani ulizozithibitisha tu, maana yake mkulima au mzazi wa kawaida hapati kitu. Unaingia SES unaomba kutolewa sandiboksini, wanataka tovuti yako, aina ya imeili, na maelezo umepataje anwani za watu na mtu akitaka kujitoa anafanyaje. Hapo kwenye kupata anwani kuwa mkweli na weka wazi, wanaogopa spamu kuliko kitu chochote. Na hii nayo ni kwa kila rijini.

IP za kudumu (anwani za seva kwenye intaneti zisizobadilika) ni 5 kwa rijini, hizi nashauri usiombe kabisa kama huna sababu nzito, tangu Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4 (aina ya kawaida ya IP) inalipiwa dola 0.005 kwa saa hata ukiwa unaitumia, kwahiyo weka lodi balansa mbele na seva zako zikae ndani bila IP za umma.

Limiti ikishapanda, siku hiyohiyo fanya vitu vitatu, usilale. Kwenye ukurasa uleule wa Service Quotas weka alamu ikufikie ukitumia asilimia 80, ili mwakani ujue mapema sio uambiwe na karani wa mizani. Ingia Budgets weka bajeti ya mwezi na imeili ya kukuamsha ikifika nusu. Na washa MFA (uthibitisho wa pili juu ya nywila) kwenye akaunti kuu, ufute funguo za zamani za kuingilia AWS, uangalie kama kuna ufunguo umeachwa kwenye kodi ya programu (code) iliyopandishwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, kwasababu ile limiti ndogo ya 5 ilikuwa inakulinda pia, mwizi akiingia alikuwa anawasha seva mbili anaishia hapo, sasa umemfungulia nafasi ya seva nane na bili inakuja kwa jina lako. Kwa rijini ambazo hutumii acha limiti zibaki chini kama zilivyo, na zile za kuwashwa kwa hiari usiziwashe bila kazi.

Wa kahawa mnaofungua msimu katikati ya mwaka, ombi liwe limeshatumwa mwezi mzima kabla, ili hata mkirudishiwa maswali mara mbili bado mna muda wa kujibu na kuujaribu mfumo kwa mzigo mkubwa kabla makarani hawajaenda vituoni.