Picha za magofu ya Tongoni, kwa ujanja wa wapiga picha wa Misri

Kazi yangu ni picha za pasipoti hapa Ngamiani, Tanga, lakini Jumapili napanda pikipiki naenda Tongoni, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Ufundi wa magofu nimeuiba kwa Wazungu waliopiga picha mahekalu ya Misri zamani.

Fika saa moja asubuhi. Jua linatokea upande wa bahari, linapita ubavuni mwa nguzo za makaburi, na kila tundu lililobandikwa bakuli enzi hizo linaingia kivuli kama jicho. Ikifika saa nne umechelewa, ukuta unakuwa bapa kama chapati.

Halafu weka mtu. Maxime Du Camp, Mfaransa mpiga picha aliyekwenda Misri mwaka 1849, alimsimamisha baharia Hadji Ishmael kwenye magofu ili ukubwa ujulikane. Negativu zake zilikuwa za karatasi, zilikunywa mwanga taratibu, kwa hiyo baharia ilibidi atulie tuli. Mimi namtumia mpwa wangu, kavaa kanzu nyeupe. Mara ya kwanza nilimweka karibu na kamera. Nguzo ikatoka fupi kuliko yeye! Asimame sambamba na nguzo, ila asiiegemee. Lile ni kaburi la watu.

Stendi ya kamera ichimbie kidogo, upepo wa kule hauna adabu.

Francis Frith, Mwingereza mpiga picha, kuanzia 1856 alimimina kolodioni, dawa ya majimaji ya kunasia picha, kwenye vioo ndani ya hema, na kwa joto la Misri ikawa inachemka. Wewe simu ikipata moto, izime, kaa kivulini unywe dafu.