SOMO: Kuziba ufa wa bomba la maji taka bila kuvunja sakafu (kiraka cha faiba)

Swali ni lile lile kila siku: "Bomba la choo limepasuka chini ya vigae, nifanyeje?" Naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Kinafaa wapi. Ufa wa sehemu moja, kiungo kilichoachia, tundu lililoingiza mizizi, kipande cha ukuta wa bomba kilichomeguka, ilimradi bomba lililobaki ni zima. Hakifai kwa bomba lililoporomoka, lililobonyea likawa na umbo la yai, wala lililodidimia katikati likafanya bonde maji yakatuama. Kiraka hufuata umbo la bomba jinsi lilivyo, hakinyanyui wala hakinyooshi. Na kama bomba limepita bustanini nusu mita chini ya udongo, chimba, kata, weka kipande kipya. Usiingie gharama ya resini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) mahali ambapo jembe linamaliza kazi.

Kazi yenyewe ni mkeka wa faiba uliolowekwa resini, ukazungushwa kwenye puto refu la mpira, ukasukumwa hadi kwenye ufa, puto likajazwa hewa, likabana mkeka ukutani mpaka ugande. Kuvika mabomba kutoka ndani kwa kitambaa na resini kulianza London mwaka 1971, kwa kazi ya Eric Wood. Kiraka ni wazo hilo hilo kwa kipande kifupi.

Vifaa: kamera ya mabomba yenye kaunta ya mita, mashine ya jeti (ya kusafishia kwa maji ya shinikizo), puto la saizi ya bomba lako, fimbo za kusukumia, kompresa yenye regeta ya kurekebisha shinikizo na geji ya kulisoma, mkeka wa faiba wa gramu 1050 kwa mita ya mraba, resini ya silikati sehemu A na B, nailoni nyembamba ya kufungia mizigo, selotepu, skrepa ya plastiki, vikombe viwili vya vipimo, glavu za naitraili, miwani, barakoa ya kichujio cha kemikali. Sehemu B ina isosaianati: inadhuru mapafu na ngozi. Kitambaa cha pua hakikukingi.

Mahesabu ya hapa ni ya bomba la PVC la milimita 110 kwa nje, ambalo ndani lina milimita 104 hivi.

1. Zuia maji. Watu wasitumie choo wala bafu mpaka mwisho wa kazi. Kama kuna chemba (shimo la ukaguzi lenye mfuniko) upande maji yanakotoka, weka kizibo.

2. Piga jeti, kata mizizi iishe kabisa, ondoa mafuta. Unyuzi mmoja wa mzizi ukibaki chini ya mkeka utakuwa njia ya maji.

3. Pitisha kamera, upime. Sifurisha kaunta kwenye mdomo wa bomba ndani ya chemba, si kwenye mfuniko. Kumbuka lenzi inaona mbele yake: ufa unaouona katikati ya skrini unaweza kuwa bado mbele sentimita 20 au 30. Songa mpaka ufa uwe ubavuni mwa lenzi, ndipo usome. Tuseme katikati ya ufa ni mita 7.40. Sasa pima puto: kutoka katikati yake hadi linapoungana na fimbo, tuseme sentimita 45. Toa: 7.40 kasoro 0.45 ni 6.95. Pima mita 6.95 kuanzia kwenye muungano huo, funga selotepu nyekundu kwenye fimbo. Selotepu ikifika mdomo wa bomba, puto liko mahali pake.

4. Kata mkeka. Urefu: ufa pamoja na sentimita 20 kila upande. Ufa wa sentimita 10, mkeka sentimita 50. Upana: 104 mara 3.14 ni milimita 327. Mizunguko miwili ni 654. Ongeza 50 za kupandiana. Kata milimita 700.

5. Funga puto kwa nailoni mizunguko miwili, ncha zibane kwa selotepu. Bila nailoni puto litagandia humo humo.

6. Kuchanganya na kuloweka. Hapa ndipo viraka vingi vinakufa, kwa hiyo soma polepole.

Uwiano wa resini nyingi za silikati ni 2 kwa 1 kwa ujazo, si kwa uzito. Kwa mkeka huu, ml 500 za A na ml 250 za B zinatosha na kubaki kidogo. Tikisa kila kopo kabla ya kumimina. Changanya mpaka rangi iwe moja, bila michirizi, ukikwangua kuta na kitako cha ndoo. Tandika mkeka juu ya kipande kingine cha nailoni, mimina katikati, sukuma kwa skrepa kuelekea pembeni. Geuza, rudia. Faiba kavu ni nyeupe. Ikishiba resini inakuwa kama karatasi iliyolowa mafuta, unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Doa jeupe lolote ni mahali ambapo maji yatapita.

Sasa muda ulio nao kabla resini haijaanza kuganda. Lebo ikisema dakika 25, angalia imeandikwa kwa nyuzi ngapi za joto. Mara nyingi ni 20. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zikiongezeka muda hupungua karibu nusu. Saa saba mchana Dar ni nyuzi 32, hivyo dakika 25 zako zimekuwa kama 11, na ndani yake kuna kuchanganya, kuloweka, kuzungusha na kusukuma. Kwa hiyo:

– Weka makopo yaliyofungwa kwenye ndoo ya maji baridi kabla ya kazi. Maji yasiingie hata tone, hasa kwenye B.
– Changanya kivulini, baada ya puto kufungwa nailoni, fimbo kuungwa na kompresa kujaa. Si kabla.
– Nunua aina ya joto, ile ya muda mrefu. Ya baridi usiiguse huku pwani.
– Resini ikianza kuvuta nyuzi au ndoo ikipata moto mkononi, tupa. Usiingize. Kiraka kilichoanza kuganda hakitanuki, kitabaki mkunjo mgumu katikati ya bomba, na hapo ndipo sakafu itavunjwa kweli.

7. Zungusha mkeka kwenye puto, ukaze kwa mkono, funga vipande vyembamba vya selotepu ya karatasi sehemu tatu. Vitakatika puto likijaa. Ukingo wa kupandiana uwe juu kabisa, usiwe chini ambako uchafu unapita.

8. Sukuma hadi selotepu nyekundu. Usizungushe fimbo.

9. Jaza hewa polepole mpaka shinikizo lililoandikwa kwenye puto. Kwa saizi hii mengi ni baa 1.5 hadi 2, yaani psi 22 hadi 29. Funga valvu, angalia geji kila dakika kumi. Usiongeze na kupunguza.

10. Subiri. Lebo inasema saa moja na nusu? Ipe mbili. Resini iliyobaki kwenye ndoo isikudanganye: iko nje kwenye joto, na kwa kuwa ni rundo inajipasha yenyewe. Ya bombani ni nyembamba na imezungukwa na udongo wa baridi. Paka resini kwenye kipande cha faiba, kitundike kwa kamba ndani ya chemba, kwenye ubaridi. Hicho kikiwa kigumu kama ubao, toa hewa yote, ngoja kidogo, vuta puto.

11. Pitisha kamera tena. Ukingo uwe umelala ukutani. Kisha mwaga ndoo mbili za maji, uone.

---

mkazi_wa_goba: Asante fundi. Langu maji yanatuama kati ya chemba mbili, nikiweka hiki yataondoka?

Mwandishi: Hapana. Aya ya pili.

mkazi_wa_goba: Hata nikiweka viwili vitatu?

Mwandishi: Vitatu vitatuamisha maji vile vile, tena kila kimoja kina unene wa milimita tatu hivi. Bonde linachimbwa na kupangwa upya.

kijana_wa_saiti: Puto bei mbaya. Tyubu ya pikipiki haiwezi kufanya kazi?

Mwandishi: Tyubu hutanuka zaidi mahali palipo dhaifu, hivyo inabana mahali pamoja na kuacha pengine, na kwenye ufa wazi inaweza kutokeza nje na kupasuka. Puto la kazi limeshonewa nyuzi ndani ili litanuke sawasawa. Hata hilo, usilijaze hewa likiwa nje ya bomba na watu wamelizunguka. Likipasuka linajeruhi. Kodisha.

BintiBomba: Shikamoo fundi. Kwa nini silikati na si resini ya boti? Huku Mombasa ya boti inapatikana kirahisi.

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri. Resini ya boti ni poliesta. Unyevu unaiharibu, inasinyaa ikiganda, na harufu yake ya staireni inapanda kupitia sinki hadi jikoni kwa watu. Silikati ni tofauti tangu mwanzo: sehemu A ina maji ndani yake. Isosaianati ya B inapokutana na maji inatoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoigandisha silikati. Ndiyo maana inavumilia ukuta wenye unyevu. Unyevu lakini, si maji yanayobubujika. Maji ya ardhini yakiingia kwa nguvu yataosha resini kabla haijashika. Zuia kwanza kwa sindano ya povu la polyurethane, au ngoja kiangazi.

BintiBomba: Na inashika kwenye PVC? Ni laini sana.

Mwandishi: Inashika kidogo kuliko kwenye zege au bomba la udongo, hivyo safisha mafuta vizuri na uparuze panapofikika. Usitegemee gundi peke yake: nguvu yake ni kuwa pete kamili iliyobana pande zote, ndiyo maana nimesisitiza mizunguko miwili na sentimita 20 kila upande. Mabomba meusi ya polyethylene, hapo haishiki.

Mzee wa Chemba: Naongezea: kama bomba la choo linaungana karibu na ufa, pima umbali wake pia. Wengi wanafunika tundu la tawi.

Mwandishi: Kweli kabisa, mzee. Bila roboti ya kukatia, tundu likifunikwa ni balaa. Kama tawi liko ndani ya zile sentimita 20, kiraka cha kawaida kiache.

otis_nairobi: Mimi huingia tu kwenye manhole nikaweka kwa mkono, bomba ni la inchi 9. Harufu huisha baada ya dakika kadhaa.

Mwandishi: Ndugu, tafadhali acha. Harufu ya mayai viza haikuisha, pua yako ndiyo iliyozimwa. Salfidi ya hidrojeni ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kisha inaua mtu, na anayeshuka kumwokoa anamfuata. Fungua mifuniko miwili hewa ipite, shusha kipima gesi, na hatua zote za somo zifanye ukiwa nje ya shimo, kwa fimbo. Ikibidi mtu ashuke, awe na mkanda, kamba na winchi ya kumvuta, na wawili wa juu wasiobanduka.

otis_nairobi: Sikuwa najua hiyo ya pua. Asante. Kipima gesi kinakaa miaka mingapi?

Mwandishi: Sensa huchoka, nyingi ndani ya miaka miwili au mitatu. Kijaribu kwa gesi ya majaribio kabla ya kazi, maana kinaweza kuwaka taa vizuri na hakisomi kitu.

kijana_wa_saiti: Resini iliyobaki natupa wapi?

Mwandishi: Changanya A na B zilizobaki kwa uwiano ule ule, kidogo kidogo, nje kwenye hewa, ziache zigande. Ikishakuwa jiwe ni taka ya kawaida ya ujenzi. B mbichi usimwage kwenye mtaro, na kopo lenye mabaki ya B lililoingia maji usilifunge kwa nguvu: gesi itajaa litapasuka.