Pima mtihani wako kwa ngazi za Bloom kabla hujauchapa

Kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Chuoni tuliziimba ngazi hizi sita za kufikiri, kutoka ya chini hadi ya juu. Orodha ya awali ya Benjamin Bloom na wenzake ilitoka Marekani mwaka 1956; hii ya vitenzi ni marekebisho ya 2001, yaliyoipandisha kubuni hadi kileleni. Wengi wetu tumeifanya pambo la andalio la somo. Mimi naitumia kuukagua mtihani wangu wa Sayansi.

Hatua ya 1. Chukua mtihani wa muhula uliopita. Pembeni ya kila swali andika ngazi yake, 1 hadi 6.

Hatua ya 2. Sasa jitilie shaka, maana kitenzi hudanganya. Niliwahi kuuliza darasa la sita: "Eleza kwa nini maji yaliyotuama huongeza malaria." Nikajiandikia ngazi ya 2, nimeridhika. Wakati wa kusahihisha, karatasi baada ya karatasi nakuta "mazario ya mbu". Mazario! Kosa langu mwenyewe la ubaoni, limenirudia vilevile. Hakuna aliyeeleza chochote, walikumbuka tu.

Hatua ya 3. Acha kitenzi, badilisha hali. Wape jambo ambalo halimo kwenye daftari: "Bibi ana pipa la maji lisilo na mfuniko, na uani kuna dimbwi la mvua linalopigwa jua. Leo anaweza kushughulikia kimoja tu. Aanze na kipi? Tetea jibu lako." Anayejua mbu wa malaria hupenda madimbwi ya namna hiyo atachagua dimbwi. Aliyetetea pipa kwa sababu ya mbu wa dengi, nilimpa alama zote.

Hatua ya 4. Hesabu ngazi, ulinganishe na jedwali la utahini, lile linaloonyesha maswali mangapi yatoke kwenye kila mada na kila ngazi. Usifute maswali yote ya kukumbuka, lakini. Asiyejua mbu hutaga wapi atachambua nini?

Hatua ya 5. Rudi kwenye kipindi chenyewe. Ukifundisha kwa kunakilisha notisi kisha ukatahini uchambuzi, unawaonea watoto. Siku hizi nawatoa nje na kikombe cheupe, tunachota maji ya dimbwini, na kabla sijasema neno nawauliza viluwiluwi wamekaaje. Wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Wa mbu wa dengi huning'inia kichwa chini.