Geuza na gari jioni

Kwa wanaorudi Gongo la Mboto au Mbagala, Dar es Salaam, jioni: msigombanie mlango pale daladala linapopakia. Rudi nyuma kituo kimoja au viwili, panda linaloingia mjini, kaa, geuza nalo: likifika mwisho usishuke, rudi nalo. Wengi wanakuwa wanashuka, viti vinabaki wazi kabla halijafika kwenye umati. Utalipa nauli mbili, lakini kwa mwenye mtoto mgongoni ni pesa halali kabisa. Kabla hujaweka mguu muulize konda, "Unageuza?" Usipouliza, unaweza kukuta gari linakwenda kujaza mafuta au linabadili njia, ukashushwa katikati ya watu walewale. Mvua ikinyesha haifanyi kazi: wote wanageuza, na gari linafika mwisho limeshajaa.