Kabla hujanunua pazia, kaa kwanza sebuleni kwako saa tisa mchana

Wengi wetu pazia tunalichagua tukiwa tumesimama dukani Kariakoo. Unaona kitambaa kimening'inizwa kimependeza, muuzaji anakwambia hiki ndo kinatoka sana saivi, unalipa, ukifika nyumbani haliendani na kitu chochote. Mimi nilinunua velveti rangi ya damu ya mzee kwa ajili ya sebule ndogo ya kupanga, dirisha linaangalia magharibi, na ikifika mchana humo ndani ni kama mtu kakufunika blanketi. Baadae nikampa dada yangu, nyumba yake ina dari ndefu, sofa kubwa zile za kuchongwa mbao, na kwake zimekaa vizuri mpaka leo. Kitambaa kilekile kabisa. Ndo maana nasema anza na dirisha, kitambaa kije baadae.

Kwaiyo siku moja kaa tu sebuleni mchana uangalie jua linaingilia wapi. Kama ni magharibi unahitaji kitambaa kizito kidogo au chepesi kilichowekewa bitana nyeupe kwa nyuma, ile nyeupe inarudisha mwanga nje na pia inalinda rangi isipauke. Kama dirisha linapata upepo wa bahari, tafadhali usilizibe na kitambaa kizito, utaishia kuwasha feni kutwa wakati upepo wa bure upo nje. Alafu angalia nondo na wavu wa mbu, dirisha linafungukia wapi, maana pazia likiwa linanasa kwenye nondo kila ukivuta litachanika mapema.

Sasa staili. Angalia vitu ambavyo hutavibadilisha mwaka huu, yaani sofa, tailizi, rangi ya ukuta. Kama nyumba ni ya kisasa, madirisha ya alumini ya kusukuma, sofa ya kijivu iliyonyooka, weka kitambaa cha rangi moja kisicho na maua, na shia nyeupe (kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga) kwa nyuma, basi inatosha. Kama sebule yako ni ya masofa makubwa yenye nakshi na kabati la vyombo, hapo kitambaa cha maua ya kung'aa kinakubali, ila yale mapambo ya juu ya kukunjwakunjwa mimi siyashauri kama dari yako ni fupi, yanalishusha dirisha na yanakusanya vumbi na kufua kwake ni kazi. Nyumba za mwambao za kizamani kama za Lamu au Mji Mkongwe, kuta nene nyeupe na madirisha ya mbao, zenyewe zile mbao zinafanya kazi ya pazia, hapo pamba nyepesi nyeupe tu ikipepea inatosha na nakshi ya mlango inaonekana. Kitenge nacho ni kizuri sana ukikiweka dirisha moja tu au kwenye pazia la mlango wa chumbani, ukikiweka chumba kizima na mito na meza macho hayapumziki. Na kitenge kisichokuwa na bitana jua linakimaliza haraka.

Rangi ikikushinda, chukua rangi ambayo tayari ipo kwenye kapeti au mito, au iliyokolea kidogo kuliko ukuta. Omba kipande kidogo dukani ukakibandike ukutani, ukiangalie mchana na usiku taa ikiwaka, kwasababu ile taa ya dukani inadanganya sana.

Vipimo ndo sehemu watu wanapoteza hela kwaiyo hapa soma taratibu. Fimbo usiiweke sawasawa na mwisho wa dirisha, ipandishe sm 10 mpaka 15 juu yake na izidi kama sm 20 kila upande, dirisha litaonekana kubwa na ukifungua pazia halizibi mwanga. Dirisha la sm 150 linataka fimbo ya sm 190. Alafu zidisha mara mbili ili upate marinda, inakuwa sm 380. Kama kitambaa kina upana wa sm 280 fundi anakilaza, ule upana unakuwa urefu wa pazia, kwaiyo mita 4 zinatosha na za kukunja zimo. Lakini kama kina upana wa sm 150 hesabu inabadilika kabisa: unahitaji vipande vitatu, na kama kila kimoja ni mita 2 na nusu hizo ni mita 7 na nusu. Mtu anaona bei ya mita ni ndogo anafurahi, kumbe atanunua karibia mara mbili. Uliza upana kwanza, bei baadae.

Jikoni usiweke pazia refu karibu na jiko, ni hatari, weka fupi linaloishia kwenye kizingiti cha dirisha. Chumbani, hasa kwa anaefanya kazi usiku akalala mchana, weka kitambaa kisichopitisha mwanga kabisa, hapo urembo uje wa pili.

Kitambaa cha pamba kifue kabla hujampelekea fundi maana kinarudi, na pazia lililopanda juu ya dirisha baada ya kufuliwa halina dawa. Chini mwambie asishone moja kwa moja, akunje ashikize tu kwa pini. Litundike nyumbani siku mbili tatu linyooke, kisha wewe mwenyewe uamue liguse sakafu au liache sentimita moja (kama unadeki kila siku acha hiyo moja), ndo ulirudishe amalizie.