SOMO: Kufifisha kitu taratibu kwenye Blender (programu ya michoro ya 3D)

Wakuu, swali la "kitu changu kinapotea ghafla" nimelijibu humu mpaka basi. Naliweka hapa, tafuteni hapa.

1. Fungua materiali ya kitu, ile yenye Principled BSDF (kifurushi cha mipangilio ya rangi na mng'ao).

2. Fremu ya 1, Alfa (1 kitu kinaonekana kamili, 0 hakionekani) iwe 1. Weka kishale juu ya Alfa, bonyeza I kuweka alama (keyframe) kwenye fremu hiyo.

3. Fremu ya 40, Alfa iwe 0, I tena.

4. Ukitoa picha kwa injini ya Cycles yatosha. Kwa injini ya Eevee, Blender ya kabla ya toleo 4.2: kwenye materiali, toa Blend Mode kwenye Opaque, weka Alpha Blend.

5. Hapa ndipo watu wanalia. Viti sita vikitumia materiali moja, ukififisha kimoja vinaondoka vyote. Tazama namba kando ya jina la materiali: ikiwepo, ibonyeze upate nakala ya peke yake. Fanya hivyo KABLA ya hatua ya 2, maana ukichelewa, vile vingine vinabaki na alama ulizokwisha kuweka. Na kama viti ulivizalisha kwa Alt+D, vinachangia umbo lenyewe, kwa hiyo nakala ya materiali pekee haisaidii. Badilisha kwanza kiungo cha materiali kutoka Data kwenda Object.

Swali: Nimebonyeza H fremu ya 20, kwenye video kitu bado kipo. Programu mbovu?

Jibu: H inakufichia wewe unapofanya kazi, hairekodiwi. Bonyeza I juu ya kialama cha kamera kwenye Outliner (orodha ya vitu vyote).

Swali: Nimefanya, kinazima ghafla.

Jibu: Ile ni swichi. Hatua ya 2, soma.

Swali: Mkuu, mhusika wangu akianza kufifia, meno na mboni zinaonekana kupitia ngozi. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri hili. Kila uso unafifia kivyake, kwa hiyo Alfa ikifika 0.5 unaona vya ndani. Usiguse materiali. Mweke kwenye View Layer (tabaka la picha) yake, washa Transparent chini ya Film kwenye mipangilio ya render, kisha kwenye kompozita (sehemu ya kuunganisha matabaka) mrudishe juu ya mandhari kwa Alpha Over na uweke alama kwenye Factor. Atafifia kama picha moja.

Swali: Asante mkuu. Na nikitaka aondoke, kivuli kibaki?

Jibu: Kwa Cycles, Ray Visibility ya huyo mhusika: toa tiki ya Camera, acha ya Shadow. Kwa filamu ya mzimu inapendeza sana.

Swali: Nimetoa MP4, mandharinyuma ni nyeusi badala ya uwazi.

Jibu: H.264 haibebi uwazi. Toa PNG za RGBA (rangi pamoja na uwazi), fremu moja moja.