Somo: Jinsi ya kuchagua kisu kisichokunjwa cha bei nafuu kwa mkusanyaji anayeanza

Kwa fedha ileile ndogo unaweza kupata kisu kizuri sana au kisu kibaya sana, na kinachovitofautisha ni mahali fedha hiyo ilipotumika. Katika kisu cha kwanza imetumika kwenye feleji, kwenye kuikaza feleji hiyo kwa moto, na kwenye kuufunga mpini usilegee. Katika cha pili imetumika kwenye nakshi, boksi lenye kitambaa chekundu na mpini unaong'aa. Mkusanyaji mgeni huvutwa na hicho cha pili, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili inahusu namna ya kuona kilicho chini ya pambo.

Hatua ya kwanza: Amua unakusanya nini

Chagua mada kabla hujachagua kisu. Wapo wanaokusanya visu vya kijeshi, wapo wanaokusanya visu vya wawindaji, na wapo wanaofuata kiwanda kimoja tu. Kwa mwenye mfuko mwepesi ningeshauri visu vya kazi, yaani vile ambavyo mafundi, wavuvi na wapishi wamevitumia kila siku kwa vizazi, kwa sababu bei yake ni ndogo kutokana na wingi wa visu vinavyotengenezwa, si kutokana na ubovu. Visu vya Mora kutoka Sweden ni mfano ulio wazi: utengenezaji wa kiwanda cha Frosts, ambacho Morakniv ya leo imetokana nacho, ulianza mwaka 1891, na leo kisu cha kawaida cha Morakniv, chenye bapa la takriban sentimita 10 na mpini wa plastiki, huvishinda visu vingi vinavyouzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya hiyo. Ufini kuna Marttiini, kiwanda kilichoanzishwa Rovaniemi mwaka 1928, ambacho visu vyake vya puukko, yaani visu vya jadi vya Kifini, vyenye mpini wa mti wa betula vinapendeza bila kutia chumvi. Marekani kuna visu vya jikoni vya Old Hickory, vya feleji ya kaboni na mpini wa mbao, ambavyo wakusanyaji wengi huvidharau mpaka wavishike.

Hatua ya pili: Fahamu feleji

Mwanzoni yatakuhusu makundi mawili. Feleji ya kaboni, kama 1095 ambayo ina kaboni ya takriban asilimia 0.95, hunoleka kwa urahisi na kupata makali mazuri, lakini ukiiacha na unyevu usiku mmoja asubuhi utakuta madoa ya kutu. Feleji isiyoshika kutu huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, 12C27 ya Sweden na 420HC inayotumiwa na Buck, kiwanda cha visu cha Marekani, zote zina takriban asilimia 13. Hata hizi hupata kutu zikitunzwa vibaya, ila polepole zaidi.

Aina ya feleji, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Feleji iliyokwisha kuchongwa hupashwa moto mkali, hupozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo ili isivunjike kama kioo. Kazi hii ikifanywa vizuri, kisu cha kawaida hufikia ugumu wa kati ya 56 na 60 katika kipimo cha Rockwell. Chini ya hapo makali hulala upesi. Juu sana ya hapo, hasa kwa feleji rahisi, makali humeguka vipande vidogo. Ndiyo maana 420HC ya kiwanda kinachojua kazi yake ni bora kuliko feleji yenye sifa kubwa iliyokazwa na mtu asiyejulikana. Na ukiona kisu kimeandikwa tu kwamba ni cha "feleji ya vifaa vya upasuaji", bila kutaja aina, chukulia kwamba hujaambiwa lolote.

Hatua ya tatu: Uliza chuma kinaishia wapi ndani ya mpini

Wengi watakuambia usinunue kisu ambacho shina la bapa halifiki mwisho wa mpini. Ushauri huo ni mzuri kwa kisu cha kupasulia kuni, lakini ukifuatwa kibubusa utakukosesha karibu visu vyote vya Mora na puukko nyingi, ambazo shina lake jembamba hufichwa ndani ya mpini na hudumu miaka mingi. Ninachokuomba ukikwepe ni kile kisu kikubwa chenye mpini mtupu ndani na dira kwenye kifuniko: mara nyingi bapa lake limeshikiliwa na kipande kifupi cha chuma tu, na hapo ndipo hukatika.

Hatua ya nne: Kikague kwa mkono na kwa taa

Hapa usifanye haraka. Shika kisu makali yakiwa juu, chini ya taa moja, ukiinamishe polepole. Makali yaliyo sawa hayarudishi mwanga hata kidogo. Kila kidoa kinachong'aa ni mahali palipo butu au palipomeguka. Kisha tazama kutoka mpinini kuelekea nchani, kama fundi seremala anavyotazama ubao, uone kama bapa limepinda. Geuza upande mmoja na wa pili: mteremko wa makali uanzie mahali pamoja karibu na mpini, kwa sababu ukianza mbele upande huu na nyuma upande ule, aliyekichonga alikuwa na haraka, na haraka hiyo haikuishia hapo. Pitisha ukucha kwenye kiungo cha bapa na mpini, na pale mbao zinapokutana na chuma. Ukucha ukinasa, maji nayo yataingia, na kutu itakayoanza humo hutaiona mpaka imekula.

Neno kuhusu visu vyenye mawimbi, ambavyo huuzwa kwa jina la Damascus. Feleji ya mawimbi ya kweli imefuliwa kwa matabaka, kwa hiyo mchoro wake hupanda kutoka ubavuni, hupita juu ya mgongo wa kisu na kushuka upande wa pili. Mgongo ukiwa mtupu huku mbavu zimejaa mawimbi, mchoro huo umepakwa juu tu. Na hata wa kweli, ukiwa rahisi mno, kwa kawaida hautajiwi feleji zilizotumika, kwa hiyo mimi ningeuacha kwa mwaka wa kwanza.

Unaponunua kwa kutazama picha, omba picha ya mgongo, ya makali na ya mhuri wa kiwanda. Muuzaji anayekataa amekurahisishia uamuzi.

Hatua ya tano: Ala, sheria na akiba

Ala ishike kisu kikigeuzwa juu chini, na isikwaruze bapa. Soma sheria ya mahali ulipo kuhusu kumiliki na kubeba visu kabla ya kulipa, kwani kumiliki nyumbani na kubeba barabarani huweza kuhesabiwa mambo mawili tofauti. Usimalize fedha yote kwenye kisu. Kinoo na chupa ndogo ya mafuta ya madini ni sehemu ya bei.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimeona kisu cha KA-BAR kinachosemwa kuwa cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na bei yake ni ya chini. Nikichukue?*

Taratibu, ndugu yangu. Jeshi la wanamaji wa nchi kavu la Marekani lilikipokea kisu hicho mwaka 1942, na viwanda kadhaa vilikitengeneza, kikiwemo Camillus, kila kimoja na mhuri wake. Umbo hilohilo bado linatengenezwa hadi leo. Mpini wake ni wa vipande vya ngozi vilivyopangwa, na ngozi ya miaka mingi kwa kawaida hukauka na kusinyaa; mpini uliojaa, wenye rangi moja, kwenye kisu cha vita ni sababu ya kuuliza zaidi. Ukikipenda, kilipie bei ya kisu kipya, usilipie hadithi.

*Je, kisu kilichotumika kinafaa kuwa cha kwanza?*

Kinafaa sana, tena mara nyingi ndicho cha bei nzuri zaidi. Ogopa jambo moja: rangi ya buluu karibu na makali. Hiyo hutokea pale kisu kinaponolewa kwa mashine bila kupozwa, chuma kikafika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na kupoteza ugumu wake. Kunoa kwa mkono hakutaurudisha. Rangi ya kijivu iliyotandaa juu ya feleji ya kaboni ni jambo jingine; hiyo huilinda kidogo, na ukiipiga msasa unashusha thamani. Kutu nyekundu iondoe kwa mafuta na kitambaa, pole pole.

*Dada hapa anauliza: ala yangu ni ya ngozi nzuri, kwa nini kisu kinaota madoa humo humo?*

Kwa sababu ngozi hufyonza unyevu na huweza kubaki na chumvi na tindikali za kutengenezea ngozi. Ala ibebe kisu siku unapotoka nacho tu. Nyumbani kipake mafuta membamba, kifunge kwenye karatasi kavu, ala uiweke kando yake. Sehemu za shaba ya manjano nazo zitakushukuru, maana kwenye ngozi huota ule utomvu wa kijani.

*Nikikitumia kitapoteza thamani? Na boksi nilitupe?*

Kisu cha bei nafuu kitumie, kwani bila kukitumia hutajua kwa nini unakipenda. Ukiweza, nunua viwili vya aina moja, kimoja cha kazi na kimoja cha kutunza. Boksi usilitupe, wala karatasi zake. Kwa visu vya Buck, andika pia alama ndogo iliyo karibu na jina kwenye bapa: tangu mwaka 1986 kiwanda hicho huweka alama ya mwaka wa utengenezaji, na daftari lenye alama hizo litakusaidia siku utakapotaka kubadilishana na mwenzako.